Kidirisha cha Bi Ghaniya

Skrubu ya kwanza imeshika kutu.
Naitia tone la spiriti, nasubiri.
Kiyoyozi kinadondoshea maji ndooni,
nje, Al Khoudh, saa nane, jua halina mzaha.
Nimetandika taulo jeupe juu ya meza
kisije kitu kikaruka kikapotea,
skrubu nazipanga kwenye vikombe vya kahawa,
na mtoto wa dada yangu nimemkataza kupiga chafya.
Bisibisi nimenunua Ruwi, kwa Kunjumon fundi saa,
aliyeniuliza kwa Kiarabu chake cha dukani:
Ya nini, na simu unayo?

Kamera ni ya shangazi.
Aliinunua kwa karani wa kampuni ya mafuta
aliyekuwa anarudi kwao.
Siku ya pili ikamponyoka ngazini, nyumba ya Matrah,
vidato vinane, alivihesabu kwa mlio.
Alhamdulillahi, haikupasuka. Akaifuta kwa shela,
akaendelea kupiga.

Ndiyo maana ukoo wetu hauna vichwa.

Fungua albamu: harusi ya Hilal kule Ibra.
Bwana harusi ni jambia na mkanda wa fedha,
wazee wamejipanga, kanzu kwa kanzu,
shingo zinaishia ukingoni.
Mjomba Sleyum tunamjua kwa kidole gumba cha mguu.
Bibi, Mungu amrehemu, kwa alivyoshika kikombe.
Miaka tumecheka: usimpe Ghaniya kamera,
atakuchinja.
Naye hucheka pia, humimina kahawa,
hasemi neno.

Kifuniko kimetoka.
Ndani mna mchanga, mguu wa mdudu,
ukungu uliotambaa kwenye kioo
kama mtoto wa jicho.
Na kioo chenyewe, hakizidi ukucha,
kimebanduka gundi upande mmoja,
kimeinama unywele tu.
Unywele tu! Lakini ukienda hatua kumi
unywele ni kichwa cha mtu.

Kumbe yeye aliviona.
Kila mara aliviona vyote, vilemba,
vipini vya pua, meno ya Hilal,
akabonyeza kwa yakini.
Kidirisha kikimwonyesha hiki, filamu ikala kile.

Narudi kwenye albamu na mikono ya spiriti.
Ya tatu, ukurasa wa katikati: kidevu.
Mbele kidogo, mdomo. Nyusi.
Mwisho wa kitabu watu wametimia,
nasi tulidhani ni bahati.
Hakumwambia mtu. Alijifunza.

Nafuta kwa pamba niliyoisokota kijitini.
Kioo nakikamata kwa kibano, pumzi nimeizuia,
maana fedha yake ni nyepesi kuliko ahadi ya fundi.
Tone la gundi.
Nyuma, pale filamu inapokaa, nimebandika karatasi ya mafuta,
mlango wa jirani umejichora humo, miguu juu.
Nalinganisha: mlango wa karatasini, mlango wa kidirishani,
sogeza, kidogo, rudi,
hapo.
Ni mlango mmoja.

Jioni tumejipanga ukutani kwake,
mimi, Warda, watoto, jirani aliyeleta sahani.
Shangazi anasogeza jicho.
"Vichwa vyote vimo," anasema, kama anayesoma bei.
Kisha namwona anainua kamera,
taratibu, unywele tu.
"Shangazi, usiinue, imepona."
"Najua," anasema. Ka!

Filamu ilikwenda Dubai na binamu, ikakaa wiki tatu.
Picha imerudi: dari, feni,
mjusi aliyenona kwa raha zake,
na chini kabisa, ukingoni, vichwa vyetu,
vichwa vitupu, vimepangwa kama vikombe.

Nilitaka kusema pole.
Yeye aliitazama sana, akaomba albamu ya kwanza,
akaiweka juu ya ile ya Ibra, ukingo kwa ukingo,
akaisukuma kwa kidole, kushoto, kidogo, rudi.
Warda akapata jambia la Hilal.
Jirani amekaa kwa Bibi, na kikombe chake mkononi.
Mimi nimeangukia kwa Mjomba Sleyum.
"Hebu simama wima," shangazi akaniambia,
hakuinua macho, "shingo inapwaya."