Mapato ya Kaya

Meza ya jikoni, Stoke, saa nne usiku.
Keeley ameazima kompyuta ya shule; kitufe cha E kiling'oka,
kwa hiyo jina lake hulibonyeza kwa ncha ya kalamu,
mara tatu,
kila ukurasa unapomuuliza: wewe nani?

Mimi nimetoka zamu. Vidole bado vina buluu
ya maua mia nne niliyoyapaka kwenye visahani
vya watu watakaokunywa chai bila kuyatazama.

Fomu inataka mapato ya kaya.
Kaya! Neno pana hilo kwa nyumba ya vyumba viwili
na kabati lisilofungika bila gazeti lililokunjwa.
Mama? Nipo.
Baba? Yuko Telford, kadi moja ya Krismasi
kwa miaka mitatu. Fomu haina haja naye.
Inamtaka alalaye hapa, alaye hapa,
mwenye buti zilizolala ubavu mlangoni:
Clive, dereva wa foklifti,
miezi kumi na minne tu tangu alete televisheni yake.

"Mimi si baba yake," anasema Clive.
Hasemi kwa ubaya. Anasema kama mtu
anayesoma namba za mita ya gesi.
Kisha anapanda, na ngazi zinalia moja moja.

Mwalimu Heathcote alituambia mkopo huu
si deni kama deni. Usipopata, hulipi.
Ukipata kidogo, hulipi.
Miaka arobaini ikipita, unafutwa.
Nikahesabu kwa vidole vya buluu:
siku serikali itakapomwachilia mwanangu
atakuwa na mvi kunishinda mimi leo.
Nimelelewa nikijua dawa ya deni kulipa.
Sikuambiwa kuna deni ambalo dawa yake ni kuzeeka.

Tena Heathcote anapendekeza uhasibu,
chuo cha hapa hapa, basi moja tu,
alale kitandani mwake, aokoe pango.
Uhasibu haujamlaza mtu njaa.
Keeley anataka jiolojia, Leeds.
Kwa sababu ya udongo, asema.

Alipokuwa na miaka sita aliniuliza
kikombe kimetoka wapi. Kiwandani, nikamjibu.
Na kabla ya kiwanda? Cornwall, kwa treni.
Na kabla ya Cornwall?
Nikamwambia anywe maziwa yake.

Asubuhi, chini ya kopo la sukari,
karatasi ya kodi ya Clive, imekunjwa mara nne,
doa la grisi juu ya jina la mwajiri.
Hakuna aliyesema kitu. Keeley akaandika tarakimu,
akibonyeza taratibu kama anayegusa jino bovu.
Kioo kikafikiri. Kikajibu:
mkopo umepungua paundi elfu moja, mia mbili na tisa.

Yaani angelala kwingine, tungepata zaidi.
Fomu ilikuwa imemfanya baba
kabla yeye hajaamua,
na ilikuwa inatutoza kwa hilo.

Clive alikuwa mlangoni, buti moja mguuni,
nyingine mkononi. Alisikia.
"Kwa wiki ni ngapi hiyo?"
Keeley akagawa kwa wiki thelathini na tisa za masomo.
"Thelathini na moja kamili."
Akanyamaza. Hakuahidi. Sikutaka aahidi;
nimeahidiwa vya kutosha na wanaume wa mji huu.
Akaketi, akahangaika na gidamu iliyokatika,
akauliza bila kuinua uso:
"Hiyo jiolojia, hasa ndiyo nini?"

Keeley akamnyang'anya kikombe,
chai ikiwa bado ndani,
akakiinua juu ya kichwa chake, tusome chapa ya chini.
"Tuanzie hapa," alisema, matone yakimdondokea nyweleni.

Siku hiyo Clive alichelewa zamu dakika ishirini.