Dirisha la Tatu

Waraka ulifika Jumanne, pamoja na chai ya saa nne,
umekunjwa mara nne kama barua ya posa:
ada ya leseni ya vileo kwa hoteli na mikahawa
itashushwa kwa nusu, kwa muda wa miezi sita,
ili biashara zipumue.
Nikalirudia neno hilo, zipumue,
nikautazama muhuri wangu: nani aliyezikaba?

Mimi Twalha, wa Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu),
sijaonja hata povu,
na huu mwaka wa kumi na moja naruhusu watu kulewa.
Nilipoajiriwa mama aliweka sharti moja:
mkono wa kulia ni wa kulia wali,
muhuri gonga kwa kushoto.
Nikazoea. Ndiyo maana leseni za mji huu
zina herufi zilizolala upande,
kama zilizoonja zenyewe.

Meneja Mwachiru hakungoja tangazo libandikwe.
Vyumba arobaini, wageni wawili,
na mmoja wao ni mkaguzi wa bima.
Bwawa limekuwa kijani, vyura wamejiandikisha mapokezi
na hawaagizi kitu.
Menyu bado ni ya Kiitaliano; mchwa ndiye anayeisoma.
Akapiga hesabu nyuma ya risiti:
"Hii nusu itanirudishia mpishi mmoja.
Mmoja na robo, akikubali kulala stoo."
Akacheka peke yake. Nikagonga.

Alhamisi akaja mwanamke asiye na baa wala mkahawa,
mtoto mgongoni, foleni kaipanga kama wenzake.
"Naambiwa mmepunguza pombe."
Ada, nikamwambia, si pombe.
"Basi mume wangu hamo humo?
Nilidhani naye atapunguzwa:
anywe nusu, apige nusu,
mshahara ufike nyumbani hata nusu.
Kwa miezi sita tu. Nami nipumue."
Fomu ya jambo hilo sina.
Nikamwelekeza dirisha la tano.
Nilijua la tano limefungwa.

Mbeyu wa Muyeye alifika karibu na kufunga.
Mangwe yake ni mabenchi matatu na paa la makuti,
dumu mbili asubuhi, moja jioni.
Nusu ilikuwa mkononi tayari, imehesabiwa.
Nikafungua kitabu. Hoteli, kwa mujibu wa kitabu,
ni vitanda kumi, jiko lenye bomba, choo chenye vigae.
Mnazi uko ukurasa wa nyuma, kwa bei ile ile.
"Wageni wangu nao hulala," akasema,
"hulala palepale walipokaa."
Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka.
Akafungua fundo la pili la leso.
"Hili lilikuwa la karo," akasema, si kwangu hasa.
Noti zenye harufu ya chachu, sarafu zenye joto la kifua.
Droo ikazipokea juu ya zile za Mwachiru
zinazonukia sabuni ya hoteli;
zikalala pamoja, hazikuulizana kabila.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hilo mwalijua.
Na akitozwa, mwanangu, atalitia nini?"

Sikujibu. Kitabu nacho hakikujibu.
Nilichoweza ni hiki tu, na si kitu:
nikauhamisha muhuri mkono wa pili,
nikagonga.
Herufi zikasimama wima.
Akaipulizia leseni wino ukauke,
akauliza kama tuktuk ya Muyeye bado ni hamsini.

Usiku, mama akipakua wali,
aliiona zambarau vidoleni, kwenye mkono usio wake.
Hakuuliza.
Alilisukuma bakuli la kunawia upande wangu,
maji yakamwagika kidogo mkekani.