Asilimia Themanini na Saba

Kutaisi, saa nane usiku.
Kompyuta inayosaga video ya harusi imezima tena
palepale: asilimia themanini na saba.

Tsiala kaifungua ubavu kwa bisibisi,
kapuliza vumbi, na manyoya ya paka;
feni ikavuma kama nyuki walioudhiwa.
Kabadilisha kumbukumbu, kapunguza ukali wa picha,
kamlaani fundi wa Batumi aliyemuuzia.
Kioo cheusi. Uso wake mwenyewe.

Akaikata harusi vipande,
akailisha mashine kijiko kijiko, kama mgonjwa,
mpaka dakika ya arobaini na moja:
mjomba Vazha anainua pembe ya divai,
anafungua mdomo —
zii.

Faili bovu. Sekunde sita tu.
Angezifuta, alale.
Lakini Vazha kazikwa Jumanne,
na bibi harusi ameuliza mara mbili
alisema nini.