Kikombe cha Saba

Mgeni akiuliza, tunamwambia: Tanga haina bawabu wa maneno.
Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kumsuta mkubwa,
sogea, kahawa inakuja.
Ndivyo tunavyojisifu, Barabara ya Kumi na Nne,
mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha:
watu saba, benchi moja,
mguu mmoja umeegemezwa kwa kipande cha tofali.

Tulikuwa tunapinga. Sote. Kila kitu.
Tulipinga bei ya sukari, tukaipinga na sukari yenyewe.
Shekiondo akikohoa, tulijua amepinga.
Nami nilipinga nao kwa moyo, miaka kumi na mmoja,
spana mkononi.

Ikaja Jumanne ile.
Semkiwa alilitaja jina la mgombea wetu
kwa sauti ya mtu asomaye hitima, akamaliza:
"Hapa hatuna haja ya kuulizana."
Nami, sijui ulimi wangu ulitumwa na nani,
nikasema, "Mimi niulizeni."

Hawakunipiga. Hilo lijue, usije ukawasingizia.
Hakuna aliyepaza sauti. Kibwana alisema,
"Mji huru huu, bwana, kila mtu na lake,"
na kauli ile ikatiwa komeo kwa ndani.
Dhumna ikaendelea. Nilikuwa na sita-sita mkononi;
zamu yangu ikarukwa
kama dimbwi linavyorukwa na mwenye kanzu safi.

Kesho yake Mbaruku wa kahawa alimimina sita.
Kashata sita.
Akanitazama, akalitazama dele, akasema imekwisha,
na dele lenyewe likimcheka kwa tumbo zito.

Baiskeli bado wanaleta. Tairi halina chama.
Wanalipa kamili, hawaombi kupunguziwa,
na hilo ndilo linaloniuma:
zamani tuligombania shilingi hamsini
mpaka adhana ya magharibi ikatuamua.

Si kwamba naupenda upande ule.
Makosa yake nimeyahesabu, vidole vikanipungukia.
Jambo moja tu niliwapa, la mtaro wa Makorora.
Mvua tatu mama yangu alilala maji yakigusa godoro.
Sisi tulikuwa benchini, tukiyalaani mafuriko kwa ufasaha.
Wao walikuja na makoleo.
Nifanyeje, nilidanganye godoro?

Ijumaa usiku Shekiondo akaja na pancha.
Nilitia mpira wa ndani kwenye beseni,
nikauzungusha wote, pindo kwa pindo.
Hapakutoka povu hata moja.
Akainama, kichwa karibu kiingie majini:
"Hata mimi, Hemedi. La mtaro. Lakini usiseme."

Nikampa mpira wake, mzima kama ulivyozaliwa.
Nikamwambia, "Mia tano."
"Ya nini?"
"Ya kuziba."
Akalipa.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa haki yangu,
nikawasimulia wote pale mkekani:
benchi, dele, Shekiondo na beseni.
Mke wangu alicheka mahali pa kucheka.
Zamoyoni, binti yangu, hajapiga kura bado, mwaka huu ndiyo ya kwanza,
hakucheka.

"Baba," akasema, "na wewe umekosea.
Yale maji hayakwenda mbinguni.
Mtaro umeyatoa kwa bibi, umeyamwaga bondeni,
kwa akina Mwanahawa ninaosoma nao.
Wao uliwauliza?"

Nilikuwa nimeshika birika.
Nilimimina cha mama yake.
Nikamimina changu.
Mkono, bila kuniomba ruhusa,
ukalirudisha birika chini.

Zamoyoni alikitazama kikombe chake,
akanitazama mimi.
"Imekwisha?" akauliza.

Birika lilikuwa zito.