Rangi ya Tumbo

Msonobari wa Sao Hill hauna subira na kisu:
ukienda kinyume cha nyuzi, bawa linapasuka.
Mwezi huu nimepoteza mabawa manne,
yote ya kushoto, sijui kwa nini.

Masalia nayaokota kiwandani kwa ruhusa ya Chengula, mlinzi,
ambaye kila mara hutaka kujua ninajenga nini.
Ndege vita, namwambia. Moja kwa sabini na mbili.
Anacheka. "Basi na deni langu la ada
nipunguzie hivyo hivyo."

Usiku ukungu unaifunika Mafinga kama jani la mgomba juu ya chungu.
Jiko la mkaa miguuni, msasa mkononi,
napitisha, napuliza, napitisha.
Makombora ni kalamu zilizokwisha wino:
nachonga ncha kwa wembe, nabandika mapezi
ya bati la kopo la maziwa.
Manne. Mawili kila bawa.
Moja ni ile aliyofanyia Delfina mtihani wa darasa la nne,
ina alama za meno yake.
Nimeipaka nyeupe, mikono mitatu.
Bado zinaonekana.

Ndipo akaja mjomba Vitalis kutoka Kinyanambo,
akavuta kiti bila kukaribishwa.
Wakati wa vita vya Kagera alikuwa fundi wa ndege,
yeye mwenyewe hakuwahi kuruka.
"Sisi tulikuwa watu wa ngazi," husema,
na hapo ndipo habari yake huishia, miaka yote.

Aliishika ndege yangu kwa vidole viwili,
kama mtu anayekagua kifaranga ni jike au dume,
akaigeuza tumbo juu.

"Umekosea."

Mgongo niliujua: kijani cha chai ya Mufindi kabla ya kuchumwa,
mabaka ya kahawia, udongo wa barabara ya Sadani.
"Siyo mgongo. Tumbo. Wewe umepaka kijani kote.
Tumbo tulilipaka rangi ya mbingu,
ili aliye chini akiinua macho
asione kitu."

Mkaa ukapasuka.

"Nililipaka kwa mkono wangu. Brashi ya inchi nne.
Nilikuwa na miaka ishirini na moja.
Nikarudi nyuma hatua kumi kuitazama kazi,
nikaona nzuri."

Alipoondoka nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya gundi:
mtu, kwa kipimo hiki, ni sentimita mbili na nukta,
njiti ya kiberiti iliyoungua nusu.
Nyumba yangu ni kipande cha sabuni.
Nikaisimamisha njiti moja mezani, kwenye tone la nta,
ndege nikaitundika juu yake kwa uzi,
nikainama mpaka shavu likagusa mbao,
nikatazama juu kutoka pale aliposimama.

Asubuhi nikafungua rangi. Mbingu ipi?
Buluu ninayo, robo kopo, baki ya milango ya zahanati.
Nikatoka nje kulinganisha.
Hapakuwa na buluu. Julai, saa moja, Mafinga:
juu kijivu, chini kijivu,
misonobari imezama hadi kiunoni,
pikipiki inasikika, haionekani.
Nikapaka hicho kijivu.
Ndege ya kujificha hapa tu, na Julai tu;
jua la Septemba likija
hata mbuzi wataiona.

Delfina akaikuta mezani, tumbo likiwa bichi.
"Hii inabeba nini?"
Kalamu zako, nikasema.
Akachungulia chini ya bawa, akaitafuta ile ya meno,
akaipata, akaigusa,
na kidole chake kingine, bila yeye kujua,
kikalala tumboni.

Alama imekauka. Mistari yote ya kidole inasomeka.
Mjomba akija Jumapili ataigeuza,
ataniambia nimekosea tena.
Kopo nimeshalifunga.