Hesabu za Bi Sikuzani

Nilihamia Tandika na begi moja na sikio la Makete.
Kwetu baridi haimpi mtu nafasi ya maneno mengi:
mtu akisema mvua inakuja, unaanua nguo.

Nyumba ya Bi Sikuzani ina vyumba saba,
bomba moja, luku moja,
na ulimi mmoja unaotosha wilaya nzima.

Siku ya kwanza nilitoka na ndoo saa mbili asubuhi.
Bomba lilikuwa limeshakohoa kikohozi chake cha mwisho.
"Aa, mheshimiwa! Ungelala tu.
Kesho maji tutayaambia yakungoje."
Nikamshukuru.
Nilimshukuru kwa mikono miwili, jamani,
na Mwajabu wa chumba cha nne akakimbilia ndani
na pindo la kanga mdomoni.

Wiki ya pili: "Wewe Tweve! Hela ya luku nimekudai mara elfu!"
"Mara nne, mama. Nimeandika."
Nikaleta na daftari.
Uani kukawa kimya, hata mafuta ya vitumbua yakaacha kuchemka
(hili nimeliongeza; siku hizi naweza).

Jioni ile Kondo fundi viatu akanikalisha kwenye ndoo iliyofudikizwa:
"Hapa akikusifu, jikague.
Akisema fua tu taratibu, kamba yote ni ya babako, anua.
Akikutukana waziwazi, shukuru, umeshakuwa mtoto wa nyumba.
Na hesabu zake usizipige kwa vidole.
Mia ni tatu. Elfu, wewe mwenyewe umeona, ni nne.
Milioni ni kwamba hajala."

Basi nikajifunza kusikiliza upya, kama anayejifunza kuvuka barabara.
Muuza samaki alipiga hodi, akafunua beseni:
"Huyu samaki, au picha yake ya pasipoti?"
Akatajiwa bei:
"Kwa hela hiyo namnunua, au namlipia ada?"
Mumewe akirudi alfajiri:
"Mbona mapema? Jogoo hata hajavaa."
Na Januari, joto lilipotukaanga sote,
aliapa kwamba yai alilonunua sokoni bichi
lilifika nyumbani limeiva,
limejimenya,
linauliza chumvi iko wapi.

Kisha masika.
Maji ya uani yalitufika vifundoni (vifundoni kweli, nilipima),
nikamkuta kibarazani, miguu ndani ya maji, hajaiinua.
"Tweve," akasema, "nimechoka."

Nikangoja mkia.
Nimechoka mpaka kivuli changu kimeomba likizo.
Nimechoka hadi mbu wananionea huruma.
Hakuna.
Neno lilikaa pale peke yake, bila nguo,
neno la kwetu kabisa,
lile nililolitafuta katika nyumba hii tangu nishuke stendi.
Nikaogopa.

Bajaji. Hospitali ya Temeke. Benchi.
Daktari akamuuliza, maumivu ni makali?
"Kiasi."
Mwajabu aliposikia *kiasi*
akajifunika uso, akaanza kulia.

Siku ya tatu nilipeleka uji.
Alikuwa amefumba macho, na mimi sina la kusema,
sikuwahi kuwa nalo.
Nikaweka chupa mezani, nikajikohoza, nikaanza:
"Mama, bomba limegoma.
Linasema halitoi tone mpaka litukanwe na mwenyewe.
Mende wamehama, wanadai nyumba imekosa adabu.
Jogoo anavaa, anavua, hajui awike saa ngapi.
Na mimi… mimi nimekungoja miaka mia tatu."

Wodi nzima ikanigeukia. Masikio yakaniwaka.

Akafumbua jicho moja.
"Siku tatu," akasema. "Nimeandika."

Kisha akaomba uji, akaonja, akanyamaza,
akanitazama kama anitazamavyo muuza samaki,
akauliza hivi sukari huko nje
imepanda bei, au imepanda ndege?