Ibara ya Kumi na Tisa

Feni ya ukumbi wa manispaa ilikufa mwezi wa Ramadhani
na hadi leo ina fungu lake la matengenezo.
Basi tulifungua madirisha, upepo wa Kibirizi ukaingia
na harufu ya dagaa walioanikwa,
ukazipekua karatasi za wabunge
kabla wenyewe hawajazipekua.

Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari.
Kazi yangu ni kusikia yote na kuandika nusu.

Walikuja wawili: Bitaliho wa jimbo,
aliyeshuka kwenye ndege bila vumbi hata la kiatu,
na Tausi Kabwigiri wa viti maalumu,
aliyekuja kwa treni, miguu imevimba,
muswada umekunjwa mkobani
pamoja na karanga alizonunua Kaliua.

Meya akawakaribisha. Mkurugenzi akawakaribisha.
Sheikh akaomba dua, mchungaji akaomba ndefu zaidi.
Saa nzima ikaisha tukikaribishana.

Kisha akasimama mweka hazina, Ntibashima,
mtu ambaye hata harusini kwake alijibu kwa kichwa.
Akasoma taratibu, kama anayehesabu noti chakavu:
“Mapato ya stendi na masoko yatapelekwa Mfuko Mkuu,
na Waziri anaweza kurejesha sehemu yake.”
Akavua miwani.

“Anaweza.
Waheshimiwa, hata mimi naweza.
Naweza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi.
Naweza kumlipa fundi wa feni hii.
Sitaki posho, sitaki semina.
Naomba mnibadilishie neno moja: atarejesha.”

Bitaliho akacheka kwa upole wa watu wa mikutano.
Serikali ni moja, akasema,
mkono wa kulia hauuibii wa kushoto.
Sauti ikatoka viti vya nyuma:
“Lakini wa kushoto ndio unaochamba!”

Hilo sikuliandika.

Mlongecha, diwani wa Buzebazeba,
yule anayeleta tungo hata kwenye kamati ya maji taka,
akatoa karatasi mfukoni, akakohoa, akaghani:

*Ushuru wetu sokoni, tunakusanya kwa jasho,*
*Ukifika Dodomani, hatuoni marejesho,*
*Mitaro yetu mjini, inanuka leo kesho,*
*Sema mbunge, kwa nini, tusiombe badilisho?*

Wakapiga meza. Mkurugenzi hakupiga;
yeye barua yake ya uteuzi ilitoka hukohuko.
Alikuwa anakunja kona ya ajenda,
anaikunjua, anaikunja.

Tausi hakuwa amesema kitu.
Sasa akauliza:
“Dumu moja la mawese, pale Mwanga, mnatoza ngapi?”
“Mia mbili.”
“Na choo cha soko?”
“Kimejaa tangu Machi.”
“Kinamama wanakwenda wapi?”
Ntibashima akatazama dirishani.
Sisi sote tukatazama dirishani,
kana kwamba jibu lingepita na bodaboda.

Akaomba kalamu. Yangu ndiyo iliyokuwa karibu.
Karatasi zilijaa mezani, lakini akafungua kiganja
kama mwanafunzi anayeogopa mtihani,
akaandika neno lile, herufi kwa herufi,
kwenye mkono wa kushoto.

Wakati wa chai vitumbua viliishia meza kuu.
Nilimwona akila kwa mkono wa kulia,
ule mwingine ameufumba pajani.
Mhudumu alipoleta birika na beseni la kunawia
akanawa mmoja.

Usiku nikachapa:
“Wabunge walipokea maoni
na kuahidi kuyafikisha panapohusika.”
Miaka kumi na moja naandika panapohusika;
sijawahi kukutana na aliyetoka huko.

Bitaliho aliondoka na ndege ya asubuhi.
Treni ya Tausi ilichelewa saa sita,
na Kigoma kuna joto, na kiganja hutoka jasho.

Ajenda ya kikao kijacho nimeshaiandaa.
Namba tatu: Yatokanayo.
Chini yake nimeacha nafasi, vidole vitatu hivi.
Kalamu yangu alisahau kuirudisha.
Sijaidai.